Margaret Nantongo Zziwa na kiti cha Spika wa Afrika Mashariki

Kila tunapofundisha habari za Jumuiya ya Afrika Mashariki, kuna swali halikosekani: huyu Spika wa Bunge la Afrika Mashariki, lenye makao yake Arusha, anawajibika kwa nani? Mwananchi anamjua mbunge wake wa jimbo. Anajua alimpigia kura shule gani, na akikosea atamsubiri kwenye mkutano wa hadhara. Spika wa Arusha hana jimbo, wala hajawahi kuja kijijini kuomba kura. Sasa nani humweka, na nani anaweza kumtoa? Vifungu vya Mkataba ulioanzisha Jumuiya vinajibu, lakini naona jibu linaeleweka vizuri zaidi tukifuata safari ya mtu mmoja aliyekipanda kiti kile kisha akashushwa.

Margaret Nantongo Zziwa hakufika Arusha akiwa mgeni wa siasa. Nyumbani Uganda alikuwa mbunge mwanamke wa Wilaya ya Kampala tangu 1996 hadi 2006, kisha akaingia Bunge la Afrika Mashariki la awamu ya pili. Mtu hafiki bunge hilo kwa kura za wananchi. Kila bunge la nchi mwanachama huchagua watu tisa kutoka nje ya wabunge wake, na Mkataba unataka vyama, jinsia na makundi maalumu yaonekane kadiri inavyowezekana. Kwa hiyo, kabla hujafika Arusha umeshapita kwenye mkono wa chama chako na wa bunge la nchi yako, na hao hawakusahau hata ukishavaa joho.

Kiti chenyewe huenda kwa zamu. Bunge lilipozinduliwa tarehe 30 Novemba 2001 zamu ilikuwa ya Tanzania, akachaguliwa Abdulrahman Kinana, kanali mstaafu aliyewahi kuwa Waziri wa Ulinzi. Kinana alimaliza muhula wake salama, akarudi kwenye siasa za nyumbani, na mwaka 2012 akawa Katibu Mkuu wa CCM. Kwake uspika ulikuwa kituo kimoja cha safari ndefu. Baada yake ikaja Kenya na Abdirahin Haither Abdi. Juni 2012 ikafika zamu ya Uganda. Nchi wanachama wakati huo zilikuwa tano, wabunge wa kuchaguliwa 45. Tarehe 5 Juni walimchagua Zziwa kuwa Spika wa tatu, mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho, na hadi leo ni yeye peke yake.

Hapa ndipo watu wengi huchanganya mambo. Zamu huipa nchi nafasi, haimpi mtu kinga. Aliyeketi pale amechaguliwa na wenzake kwa miaka mitano, na wenzake hao hao wanaweza kumwondoa kabla ya muda. Kifungu cha 53 cha Mkataba kinataka kura zisizopungua theluthi mbili ya wabunge wote wa kuchaguliwa, na kinataja sababu: maradhi ya mwili au akili yanayomzuia kufanya kazi, au mwenendo mbaya. Theluthi mbili ya 45 ni 30. Hesabu ihusishe wote wa kuchaguliwa, si waliohudhuria siku hiyo, na tofauti hiyo ndogo ni ngao kubwa kwa Spika. Viti vikiwa vitupu, wasiokuja wamemsaidia.

Hoja ya kumwondoa Zziwa iliwasilishwa Machi 2014. Wabunge walioileta walimlaumu kwa uongozi mbovu na kutumia vibaya madaraka. Yeye alizikana tuhuma hizo. Ilichukua miezi mingi kabla hoja haijafika mwisho, na katika miezi hiyo kazi ya kutunga sheria za Jumuiya iliumia. Nalisema hili kwa uchungu. Ugomvi wa kiti ukiingia bungeni, miswada na bajeti hukaa foleni nyuma yake, na mfanyabiashara anayesubiri kanuni moja ya mpakani hana habari kwamba anasubiri ugomvi uishe.

Tarehe 26 Novemba 2014 alisimamishwa. Kamati ya Sheria, Kanuni na Haki za Bunge ikakabidhiwa kazi ya kumchunguza. Tarehe 17 Desemba ikapigwa kura, na 36 walitaka aondoke. Ilikuwa sita zaidi ya kiwango kinachotakiwa. Siku mbili baadaye Daniel Fred Kidega, naye wa Uganda, alichaguliwa kumalizia muhula, maana zamu ilikuwa bado ya nchi yake.

Mtu akitazama hesabu peke yake atasema mambo yamekwisha: theluthi mbili imepatikana, tena na ziada. Zziwa hakuridhika, akaenda Mahakama ya Afrika Mashariki, ambayo nayo ipo Arusha. Swali alilolipeleka halikuwa idadi ya kura. Alihoji njia iliyotumika kuzifikia. Miongoni mwa wajumbe wa kamati iliyomchunguza walikuwemo waliounga mkono malalamiko dhidi yake. Hebu fikiria shauri la shamba kijijini: jirani anayekudai mpaka ndiye anakaa kwenye baraza la kuamua mpaka, kisha anapiga kura. Hata kama kweli umevuka mpaka, utakubali uamuzi huo?

Februari 2017 mahakama, katika daraja lake la kwanza, ilisema utaratibu uliotumika kumwondoa ulikiuka Mkataba. Ila haikumrudisha kitini. Muhula ulikuwa umebakiza miezi minne tu, na Kidega alikuwa kazini kwa zaidi ya miaka miwili. Kuhusu fidia, daraja la kwanza halikumpa kitu. Alikata rufaa, na mwaka 2018 Idara ya Rufani ikaamuru alipwe mishahara na marupurupu aliyoyakosa tangu siku alipoondolewa hadi muhula wake ulipokwisha.

Wapo wanaosoma hukumu hii kama ushahidi kwamba wabunge hawakuwa na hoja. Sioni hivyo. Mahakama haikumtangaza Zziwa kuwa Spika bora. Ilipima namna alivyohukumiwa. Wabunge wangeweza kuwaweka pembeni wajumbe waliounga mkono malalamiko, kamati ikaundwa na watu wengine, Spika akasikilizwa kikamilifu, na huenda kura zingebaki vilevile. Wangepoteza wiki chache.

Fidia yenyewe haikutoka mfukoni mwa wale 36. Ililipwa na Jumuiya, na bajeti ya Jumuiya kwa sehemu kubwa ni michango ya nchi wanachama, ambayo wakati huo ilikuwa sawa kwa sawa: Burundi ikitoa kiasi kile kile kinachotolewa na Kenya. Kwa hiyo muuza mboga wa soko la Kilombero pale Arusha, na mwenzake wa Bujumbura, kila mmoja alichangia kwa kodi yake kulipia utaratibu uliorukwa katika ukumbi ambao wengi wao hawajawahi kuuona ndani.