Mtoto akiwa na ugonjwa wa kuambukiza, arudi shule lini?

Usiku alikuwa na homa. Amepewa parasetamoli alfajiri na sasa amepoa. Aende?

Hapana. Parasetamoli hushusha joto kwa saa 4 hadi 6 tu, haiui virusi wala bakteria. Aliyepewa saa 12 asubuhi huweza kuchemka tena kabla ya adhuhuri, akiwa ameshakaa na wenzake. Zipite kwanza saa 24 bila joto kufika nyuzi 38, na bila dawa ya kulishusha.

Na anayehara au kutapika?

Saa 48, na hapa ndipo wazazi wengi hukosea hesabu: huanzia siku ugonjwa ulipoingia, badala ya mara ya mwisho kuhara au kutapika. Aliyehara mara ya mwisho Jumatatu saa 2 usiku hurudi Alhamisi asubuhi. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, sekunde 20. Vitakasa mikono vyenye alkoholi haviviwezi vizuri baadhi ya virusi vya kuhara.

Tetekuwanga?

Asubiri malengelenge yote yakauke na kufanya magamba, kwa kawaida siku 5 hadi 7 tangu vipele vya kwanza. Kagua hadi ndani ya nywele na nyuma ya masikio, kwani lengelenge moja bichi bado linaambukiza. Asipewe aspirini, inaweza kudhuru ini na ubongo.

Surua je?

Siku vipele vilipotokea ihesabiwe sifuri, arudi siku ya 5. Tatizo ni kwamba ameshaambukiza tangu siku 4 kabla ya vipele. Kwa hiyo taarifu shule siku hiyohiyo: huenda kuna mwalimu mjamzito, au mtoto ambaye hajachanjwa. Kituo cha afya nacho kipigiwe simu kabla hamjafika, asije akaketi kwenye foleni na watoto wachanga.

Mafua, chawa, mapunye, upele?

Mafua mepesi bila homa hayamzuii, chawa pia. Mwenye mapunye hurudi akishaanza matibabu. Ya kichwani huhitaji dawa ya kumeza, maana ya kupaka haifiki vizuri kwenye mizizi ya nywele. Wa upele hurudi kesho yake baada ya kupakwa dawa mara ya kwanza, ila nyumba nzima ipakwe siku moja, hata wasiojikuna. Akipakwa peke yake, utitiri, yaani vijidudu vinavyoleta upele, humrudia kutoka kwa ndugu anayelala naye.