Kabla hujapiga Windows upya, jua mpangilio unakaa wapi

Mhazini wa SACCO moja (chama cha akiba na mikopo) pale Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, alikuja ofisini kwetu akiwa ameikumbatia kompyuta yake. "Mwalimu, hesabu zimegoma," akasema. Alikuwa ameshamlipa fundi mara mbili apige Windows upya, na ugonjwa ulikuwa palepale.

Nilimwomba afungue daftari la akiba. Akaenda kwenye mstari wa mwanachama mmoja, akafuta 50,000, akaandika 500,000, akabonyeza Enter. Jumla ya chini haikutikisika. Lakini pembeni kabisa, chini kushoto mwa dirisha la Excel, palikuwa na neno dogo "Calculate". Nilibonyeza F9, na jumla ikapanda papo hapo.

Mashine yake ilikuwa nzima. Mtu fulani alikuwa ameizuia Excel kujikokotolea yenyewe, na agizo hilo huhifadhiwa ndani ya faili. Kila alipopigiwa Windows mpya, alirudisha faili lake kutoka kwenye flashi, na agizo likarudi nalo. Tena huambukiza: Excel hufuata hali ya faili la kwanza unalofungua baada ya kuiwasha, na mafaili mengine yakifunguliwa na kuhifadhiwa siku hiyo nayo huibeba. Dawa ni kwenda "Formulas", kisha "Calculation Options", kuchagua "Automatic", na kuhifadhi. Nusu dakika, bila shilingi hata moja. Iliniuma kufikiria pesa alizokwisha kutoa.

Ndiyo maana nawasihi wenye ofisi ndogo: kabla ya kurejesha programu katika hali yake ya mwanzo, ulizeni kwanza mpangilio ulioharibika unakaa wapi. Unaweza kuwa ndani ya faili, kama huo. Unaweza kuwa kwenye Windows yenyewe. Au unaweza kuwa kwenye folda ya mtumiaji, ambako programu huandika mazoea yako yote.

Wa Windows mara nyingi hujitokeza kwenye tarehe. Kompyuta nyingi zinatufikia zikiwa zimepangwa kwa desturi ya Marekani, mwezi mbele na siku nyuma. Mwaka wetu wa fedha unaanza 1 Julai. Ukiandika 5/7 ukimaanisha 5 Julai, Excel inasoma 7 Mei. Ukiandika 25/7 inashindwa, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25, basi inaiacha kama maneno matupu. Tazama safu yako ya tarehe: nyingine zimeegemea kulia, nyingine kushoto. Zilizoegemea kushoto angalau zinaonekana. Za kuogopwa ni zile za kulia, zimekaa vizuri na ni za uongo. Hapo hata ukifuta Excel yote hupati kitu; nenda kwenye mipangilio ya eneo ya Windows ("Region"), uchague Kiingereza cha Uganda au cha Uingereza. Tarehe zilizokwisha kuingia vibaya hazitajirekebisha, itabidi uzipitie kwa mkono ukiwa na risiti.

Sasa folda ya mtumiaji. Menyu zimepotea, vitufe vimehama, programu inajifunga kabla haijafunguka vizuri: hapa ndipo kurejesha mipangilio ya awali kunapofaa. Kuiondoa programu na kuisakinisha upya mara nyingi hakusaidii, maana folda hii huachwa bila kuguswa.

Kwa Excel, shikilia kitufe cha Ctrl huku ukiifungua, nayo itakuuliza kama unataka hali salama ("Safe Mode"), yaani kufunguka bila nyongeza. Ikifanya kazi vizuri humo, mshukiwa ni kiongezi fulani ("add-in", programu ndogo iliyopachikwa ndani yake), usiilaumu Excel. Utepe wa juu ukivurugika, ingia "File", "Options", "Customize Ribbon", halafu "Reset".

LibreOffice, ambayo ofisi nyingi hutumia kwa sababu ni ya bure, imerahisisha zaidi. Kwenye "Help" kuna "Restart in Safe Mode". Anza na chaguo jepesi: zima viendelezi ("extensions"), yaani nyongeza zilizopachikwa. Skrini ikiwa inawaka nyeusi au kumetameta, zima pia matumizi ya kadi ya michoro. Kufuta wasifu mzima wa mtumiaji, yaani folda hiyo ya mazoea yako, kuwe hatua ya mwisho kabisa.

Kama programu haifunguki hata kidogo, ifunge yote, kisha andika %APPDATA%\LibreOffice\4 kwenye sehemu ya anwani ya dirisha la mafaili. Namba hiyo 4 isikutie shaka, imebaki hivyo hata kwenye matoleo mapya. Utaona folda iitwayo user. Usiifute. Ibadilishe jina iwe user-zamani, kisha fungua LibreOffice; itajitengenezea nyingine safi.

Hesabu na barua zako hazimo humo, hazitaguswa. Kilichomo ni jasho lako la miaka: makro (amri ulizojiandikia programu ikufanyie kazi) ziko kwenye folda ndogo ya basic, violezo (mafaili ya mfano unayoanzia) kwenye template, na maneno uliyoifundisha programu yako kwenye wordbook. Kama uliifundisha isipigie mstari mwekundu Nakato, Wandera na Okello, ifunge tena LibreOffice, nakili wordbook kutoka user-zamani uiweke kwenye user mpya, kisha uiwashe. Leta folda moja, jaribu, ndipo ulete nyingine. Ugonjwa ukirudi, utajua umeletwa na ipi.