Soketi ya OBD kwenye Gari: Ni Nini na Inasomwaje

Ukiinama chini ya dashibodi upande wa dereva, karibu na magoti, utaona kisoketi cha plastiki chenye nafasi 16 za pini. Hicho ndicho fundi anachochomekea mashine ya kupimia gari. Kinaitwa soketi ya OBD (kifupi cha Kiingereza On-Board Diagnostics, yaani gari kujichunguza lenyewe), na kupitia hapo mtu huuliza kompyuta ya injini imeona hitilafu gani.

Mfumo huu ulizaliwa kwa sababu ya moshi. Jimbo la California lilitaka gari lijichunguze lenyewe na kumwashia dereva taa pale vifaa vya kupunguza hewa chafu vinapoharibika. Mwanzoni kila kampuni ilikuwa na soketi yake na lugha yake. Toleo la pili, OBD-II, likaleta umbo moja na misimbo ya hitilafu ya pamoja, na likawa lazima Marekani nzima kwa magari ya mwaka 1996 na kuendelea. Ulaya ikafuata: petroli 2001, dizeli 2004. Gari la zamani lililotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani linaweza kuwa na soketi ya umbo hilohilo lakini likatumia lugha ya kampuni yake, na kile kifaa cha bei nafuu cha Bluetooth kikashindwa kuunganika. Usikimbilie kusema soketi imekufa.

Msimbo huanza na herufi: P ni injini na gia, C ni breki, usukani na vya chini ya gari, B ni bodi, U ni mawasiliano kati ya kompyuta. Tarakimu inayofuata ikiwa 0, msimbo ni wa wote. Ikiwa 1, kwa kawaida ni wa kampuni husika.

Hapa ndipo fedha za watu zinapopotea. Msimbo unataja kile kompyuta ilichokiona, hautaji kifaa cha kununua. Chukua P0171: mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Wengi hukimbilia kubadilisha sensa ya oksijeni, ilhali mara nyingi sensa hiyo ndiyo iliyotoa taarifa sahihi. Kisababishi kinaweza kuwa mpira wa hewa uliopasuka, sensa ya hewa yenye uchafu, au pampu ya mafuta iliyochoka. Kwenye mashine ya kupimia, fungua vipimo vya moja kwa moja, utazame asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza. Ikiwa juu injini inapounguruma bila mzigo, kisha ikashuka ukikanyaga mafuta, tafuta hewa inayovuja. Ikipanda kadiri injini inavyobebeshwa mzigo, chunguza pampu na chujio la mafuta.

P0301 nayo inasema silinda ya kwanza inamisi, yaani haichomi mafuta sawasawa. Kama kila silinda ina koili yake (kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche), badilishana koili hiyo na ya silinda ya tatu, futa msimbo, endesha kidogo. Ukirudi kama P0303, koili ndiyo mbovu. Ukibaki P0301, angalia plagi, nozeli na kompresheni. Jaribio hili halihitaji kununua kitu, na fundi anayelifanya mbele yako anastahili kuaminiwa.

Kuchomeka ni rahisi: zima gari, chomeka kifaa, washa swichi bila kupiga stata, kisha soma. Andika misimbo yote kabla ya kufuta chochote, pamoja na kumbukumbu ya hali ya injini wakati hitilafu ilipotokea: joto, mwendo, mzunguko. Ukifuta, kumbukumbu hiyo nayo hupotea. Kifaa usikiache kimechomekwa gari likilala siku nyingi, kwani pini ya 16 ina umeme wa betri muda wote.

Taa ya injini ikiwaka bila kupepesa, kwa kawaida unaweza kufika kwa fundi, mradi joto na oili viko sawa. Ikipepesa, injini inamisi vibaya kiasi cha kuunguza masega ya ekzosi, yaani kile kifaa kinachosafisha moshi. Punguza mwendo na usimame mahali salama.

Na ukienda kununua gari lililotumika, usitosheke na skrini isiyo na msimbo. Tazama pia kama majaribio ambayo gari hujifanyia lenyewe yamekamilika. Mengi yakiwa bado, huenda misimbo imefutwa muda mfupi uliopita, au betri ilichomolewa. Omba kuliendesha kwa siku kadhaa, kisha lipime tena kabla ya kulipa.