Guangzhou Nan bila kupotea: fuata namba ya treni, achana na jina la mji

Kazi yangu ni kuwatembeza wafanyabiashara wanaotoka nyumbani kuja kufunga mzigo Guangzhou, China: ukalimani sokoni, ukaguzi kiwandani, na katikati ya hayo mawili, treni. Treni ndiyo inayowatisha wengi kuliko hata kupatana bei. Mtu anayepita Kariakoo mkesha wa sikukuu bila kusukumwa na yeyote, akiingia ukumbi wa stesheni ya Guangzhou Nan ananishika mkono.

Tuanze na tiketi, maana wengi hupotea hata kabla ya kutoka hotelini. Guangzhou ina stesheni kubwa kadhaa. Ile ya zamani, iliyofunguliwa mwaka 1974 na inayoitwa Guangzhou tu, iko kituo kimoja cha metro kutoka Xiaobei, mtaa wanakofikia Waafrika wengi, ndiyo maana kila mgeni hudhani treni yake inaondokea pale. Guangzhou Dong iko upande wa wilaya ya Tianhe. Baiyun ilifunguliwa Desemba 2023 na imechukua treni nyingi zilizokuwa zikitoka stesheni za zamani. Jina lake linafanana na la uwanja wa ndege, lakini ni sehemu mbili tofauti kabisa, usije ukamwambia dereva "Baiyun" ukanyamaza. Halafu ndiyo hii Guangzhou Nan, iliyofunguliwa Januari 2010 kule wilaya ya Panyu, kilomita kama 17 kutoka katikati ya mji. Treni nyingi za mwendo kasi zinatokea hapa.

Jina hilo hilo utaliona limeandikwa kwa namna tatu: Guangzhou South kwenye programu ya simu, Guangzhounan kwenye tiketi, na 广州南 kwenye vibao. Jifunze alama nne tu: 东 (dong) mashariki, 南 (nan) kusini, 西 (xi) magharibi, 北 (bei) kaskazini. Alama ya mwisho kwenye jina la stesheni ndiyo inayokuambia uende upande gani wa mji. Uangalie vilevile unakoshukia. Wanaofuata simu na vifaa vyake Huaqiangbei, soko lililo mji wa jirani wa Shenzhen, hukata tiketi ya Shenzhen Bei kwa sababu ndiyo inayojitokeza kwanza kwenye programu, kumbe zipo treni zinazosimama Futian, stesheni iliyo chini ya ardhi katikati ya mji. Kutoka Futian unachukua metro laini ya 2, vituo vichache umefika.

Sasa jengo lenyewe. Kama umeshapanda SGR Dar es Salaam au Nairobi, hatua zake hazitakuwa ngeni: unaonyesha kitambulisho, mizigo inapita kwenye mashine, unasubiri ukumbini mpaka uitwe. Tofauti ni ukubwa, na jinsi ghorofa zilivyopangwa. Guangzhou Nan ina njia 28 za treni, nazo hazipo chini. Zipo ghorofa ya pili. Ukumbi wa kusubiri uko ghorofa ya tatu, juu ya treni. Wanaofika wanatokea ghorofa ya kwanza, ile ya usawa wa ardhi, chini ya treni. Metro iko chini zaidi, chini ya ardhi. Kwa hiyo anayeondoka huingilia juu akashuka, na anayefika hutokea chini, na hawa wawili hawakutani. Fikiria uwanja wa ndege, si stendi ya basi. Ukishalielewa hilo, nusu ya vibao huna haja navyo: ukitoka metro na una safari, panda ngazi za umeme mpaka ghorofa ya tatu, usishawishike kuzurura ghorofa ya kwanza hata kama ndiko kwenye watu wengi na maduka.

Mlangoni pasipoti yako inalinganishwa na tiketi. Siku hizi pasipoti ndiyo tiketi, kwa hiyo namba uliyokatia lazima iwe ya pasipoti uliyonayo mkononi. Aliyebadilisha pasipoti juzi na programu yake bado inakumbuka ile ya zamani ataishia kwenye foleni ya dirishani. Kwenye ukaguzi, visu hawataki, na makopo makubwa ya kupuliza pia. Hapa ndipo sampuli huwaponza watu. Mtu kanunua seti ya visu vya jikoni akaonyeshe wateja, kaifunga vizuri, na inabaki pale pale mezani. Sampuli za namna hiyo zipeleke ghala la wakala zipande meli na mzigo mwingine.

Hapa ukumbini ndipo penye jambo langu kuu. Utainua macho kwenye skrini kubwa utafute neno Yiwu, mji wa soko la jumla unakokwenda, na hutaliona. Unaanza kuhema. Skrini inaonyesha mahali treni inakoishia, haionyeshi wewe unakoshukia. Treni itakayokushusha Yiwu mara nyingi imeandikwa Shanghai Hongqiao au Hangzhou Dong, kwa sababu Yiwu ni kituo cha njiani. Na treni za kwenda Shanghai Hongqiao kwa siku si moja. Jina la mji, kwa hiyo, halikusaidii kitu. Kinachokusaidia ni namba ya treni: herufi na tarakimu, G ikiwa ni ya kasi kubwa, D inayofuatia, C ya miji ya jirani. Namba hiyo ni ya treni moja tu kwa siku ile, na imeandikwa kwa herufi unazozisoma. Iandike kwa kalamu kwenye kiganja ukitaka, simcheki mtu.

Ukiipata namba kwenye skrini, soma mstari ule ule mpaka kwenye geti la tiketi, lenye herufi A au B na namba. Wengi wanatafuta jukwaa. Jukwaa halikuhusu mpaka geti lifunguliwe. Huwezi kulifikia hata ukitaka. Geti limeandikwa pia kwenye programu, lakini likibadilika skrini ndiyo yenye neno la mwisho, kwa hiyo itazame tena kabla hujakaa. A na B ni pande mbili za ukumbi, na ukumbi ni mrefu. Kuvuka na mabegi mawili ya kilo ishirini ishirini huku umati umekaa kwenye njia yako si jambo la dakika moja.

Geti hufunguliwa kama dakika 15 kabla ya treni kuondoka, na hufungwa dakika chache kabla, treni ikiwa bado imesimama pale chini unaiona. Hapo hakuna kubembeleza. Nimeshuhudia watu wakilia, na mhudumu akiwaelekeza kwa upole kwenye dirisha la kubadilisha tiketi. Wenyeji wanagusisha kitambulisho na kupita. Baadhi ya mashine zinasoma pasipoti, nyingine zinakugomea. Usishindane nayo. Nenda njia ya pembeni kabisa yenye mhudumu, mpe pasipoti ikiwa imefunguliwa ukurasa wa picha.

Ukishashuka jukwaani tazama sakafu, si treni. Namba za mabehewa zimeandikwa chini, wakati mwingine kwa rangi zaidi ya moja kwa sababu treni hazilingani urefu, na tangazo husema ufuate rangi gani. Usipoelewa, simama wanaposimama wenye behewa lako. Tiketi ikisema 05 na 08F, behewa ni la 5, kiti cha safu ya 8 dirishani. Daraja la pili lina A, B, C upande mmoja na D, F upande wa pili. E haipo, usiitafute. Angalizo ambalo hata wazoefu hulisahau: treni nyingi ndefu ni treni mbili za mabehewa 8 zilizounganishwa pua kwa pua. Kati ya behewa la 8 na la 9 hakuna njia ya kupita. Ukirukia behewa la 7 kwa haraka ukidhani utatembea ndani mpaka la 12, utasimama na mabegi yako mpaka treni ikisimama kituo cha mbele.

Kuhusu kupeana miadi. Ramani ya simu ndani ya jengo hili haina maana, na ile ya Google hata nje ya jengo haifunguki bila VPN. Pakua Amap, programu ya ramani ya Wachina, kabla hujasafiri. Mara nyingi tunatangulizana, mimi nimeshapita ukaguzi na mteja bado, na ujumbe wa sauti unaingia WeChat:

"Mwanangu, nimefika, niko mbele ya duka la kuku."

"Shikamoo mama. Maduka ya kuku humu si moja. Inua macho, geti lililo karibu yako limeandikwaje?"

"A, moja, tatu."

"Basi kaa hapo hapo, usitembee."

Akikaa, namfikia. Akianza kunitafuta na yeye, tunazungukana. Na mtu asiye na tiketi ya siku ile haruhusiwi kuingia ukumbini, kwa hiyo usimtegemee mwenyeji wako akusindikize mpaka getini. Mtaagana mlangoni.

Msimu nao unabadilisha hesabu zote. Siku za kawaida saa moja kabla inatosha. Maonyesho ya biashara ya Canton Fair, yanayoanza Aprili na Oktoba, ongeza nusu saa. Wiki ya kwanza ya Oktoba, sikukuu ya taifa la China, na kipindi cha Mwaka Mpya wa Kichina, ushauri wangu ni usisafiri kabisa kama mzigo unaweza kusubiri. Januari 2008 theluji ilikwamisha treni na mamia ya maelfu ya watu walirundikana nje ya ile stesheni ya zamani. Viwanda vyenyewe kwenye sikukuu hizo vimefungwa, unakimbilia nini?

Ukirudi Guangzhou Nan, usifukie pasipoti chini ya begi unaposhuka, maana geti la kutokea nalo linaweza kuidai. Hapo ghorofa ya kwanza utaitwa na watu wanaojua "my friend" na "taxi". Wapite, shuka metro. Laini ya 2 inakufikisha Sanyuanli, mtaa mwingine wanakofikia Waafrika, moja kwa moja bila kubadilisha. Wa Xiaobei abadilishe stesheni ya zamani, achukue laini ya 5, kituo kimoja. Kama treni yako inaingia usiku sana na metro imeshafungwa, fuata vibao vya teksi upange foleni na wenzako, na anwani ya hoteli iwe imeandikwa kwa Kichina kwenye simu yenye chaji.