Gari kuyumba kwenye mwendo kasi: si alaimenti peke yake

Wengi huamini kwamba gari likianza kuyumba au kutetemeka kwenye mwendo kasi, dawa ni alaimenti tu, yaani kurekebisha pembe za magurudumu. Imani hii ina msingi, kwani alaimenti mbaya hulifanya gari livute upande mmoja au litangetange barabarani. Lakini usukani unaotetemeka kuanzia kama kilomita 80 hadi 110 kwa saa, kisha ukatulia mwendo ukibadilika, mara nyingi ni suala la balansi ya magurudumu, yaani kusawazisha uzito wake yanapozunguka, na hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Anza na upepo. Pima matairi yakiwa baridi, ulinganishe na kibandiko ambacho kwa kawaida kipo kwenye fremu ya mlango wa dereva. Tazama kama tairi limevimba au limelika upande mmoja.

Kisha mwombe fundi ainue gari kwa jeki na kulikalisha kwenye stendi imara, alitikise gurudumu. Likicheza kulia na kushoto, shuku tairodi, fimbo inayounganisha usukani na gurudumu. Likicheza juu na chini, shuku boljointi (kiungo kinachoruhusu gurudumu kugeuka) au beringi (inayolifanya gurudumu lizunguke kwa wepesi). Sehemu hizo zikilegea, alaimenti haidumu, na zinaweza kuachia ukiwa safarini. Usiendelee kukimbiza gari hilo.