"Dawa imegoma": dhana potofu za upuliziaji kwenye nyanya

Msimu wa nyanya, kaa nusu saa tu kwenye duka la pembejeo, iwe Ilula kule Tanzania au Kirinyaga kule Kenya, utamsikia mtu amerudisha chupa: "Hii dawa yenu feki." Dawa feki zipo, hilo halina ubishi. Ndiyo maana lebo inatakiwa iwe na namba ya usajili, ya TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu) kwa Tanzania au PCPB (bodi ya viuatilifu) kwa Kenya, na kizibo kiwe hakijafunguliwa. Lakini chupa nyingi zinalaumiwa bure. Kosa liko kwenye maji, kwenye nozeli (ncha ya bomba inayotoa dawa), kwenye kifuniko kilichopimiwa, au dawa ya wadudu imepigwa kwenye ugonjwa.

"Kifuniko kimoja kwa bomba moja"

Kifuniko cha chupa si kipimo cha dawa ya kutia kwenye bomba la kupulizia. Vinatofautiana ukubwa chupa hadi chupa, na mkulima anakariri cha mwaka jana. Nunua bomba la sindano la mililita 20, lipake rangi, likae na vifaa vya kupulizia na lisirudi tena ndani ya nyumba.

Hata ukipima vizuri, bado kuna mwendo wako. Lebo nyingi hutoa kiasi cha dawa kwa ekari, na ekari moja watu wawili huimaliza kwa maji tofauti kabisa. Jipime hivi: weka kamba mraba wa mita 10 kwa 10 ndani ya shamba lenyewe, tia maji matupu lita 5, pulizia kama unavyopulizia siku zote, kisha pima yaliyobaki. Tuseme yamebaki lita 1.8. Umetumia 3.2. Ekari ina miraba kama hiyo 40 na nusu, kwa hiyo unahitaji lita 130, yaani mabomba sita na nusu ya lita 20. Lebo ikisema mililita 200 kwa ekari, kila bomba linapata mililita 31. Jirani yako anayetembea haraka akatumia lita 2 kwenye mraba, ekari yake inaisha kwa mabomba manne, kwa hiyo bomba lake linahitaji mililita 50. Mkiazimana kipimo, mmoja wenu atakosea. Rudia zoezi hili mimea inapokua, maana nyanya ya wiki tatu hainywi maji sawa na iliyosimamishwa kwenye miti.

Nozeli nayo hulika. Mpya na ya zamani zipime kwa dakika moja kila moja, maji ukiyakinga kwenye jagi lenye alama. Ya zamani ikizidi mpya kwa zaidi ya asilimia 10, itupe. Ikiziba usiichokonoe kwa waya wala mwiba, shimo litapanuka. Tumia mswaki wa zamani na maji. Kuipuliza kwa mdomo ni kujilambisha sumu.

"Kantangaze haisikii dawa yoyote"

Mdudu huyu, Tuta absoluta, asili yake Amerika ya Kusini. Hispania aliingia 2006, na kufikia 2014 alikuwa ameshatua Tanzania na Kenya. Chuma jani lenye baka jeupe, liinue kuelekea jua: utamwona kiwavi yuko katikati ya ngozi mbili za jani, na vinyesi vyake vyeusi pembeni. Yumo ndani ya nyumba. Dawa ya kugusa tu, zile za kundi la pairethroidi kama lambda-sihalothrini, inabaki juu ya paa huku ikiwaua wadudu marafiki waliokuwa wakila mayai yake. Mara nyingi baada ya hapo utitiri wekundu ndio hulipuka, kwa kuwa maadui zake wameondolewa.

Kinachofaa ni dawa inayopenya jani: abamektini, emamektini, spinosadi, klorantraniliproli. Na hapa ndipo kwenye mtego. Mkulima anasema, "Mimi nabadilisha dawa kila mara," ukiangalia chupa anatoka abamektini kwenda emamektini. Majina mawili, lakini kundi moja la namna dawa inavyomuua mdudu, namba 6. Spinosadi ni 5, klorantraniliproli ni 28. Kwenye lebo nyingi namba hiyo imechapwa ndani ya kiboksi kidogo; tazama namba, achana na picha ya kiwavi na jina la biashara. Kizazi kimoja cha kantangaze huchukua takriban mwezi, kwa hiyo tumia kundi moja ndani ya mwezi huo bila kuzidisha idadi ya mipulizo iliyo kwenye lebo, kizazi kinachofuata uhamie kundi jingine. Wanaosalimika dawa ndio wanaozaa, na ukiwakuta watoto wao kwa dawa ile ile, utakuwa unawaogesha.

"Jani likianza kuungua ndipo upige dawa ya ukungu"

Mankozebu hukaa juu ya jani na kuzuia mbegu za ukungu zisiote. Haiingii ndani, haifufui baka lililokwisha kufa, na jani lililochipuka baada ya kupulizia halina kinga kabisa. Ndiyo sababu wakati wa mvua na baridi watu wa nyanya hurudia kila siku 7 hivi, na ndiyo sababu anayesubiri dalili anakuwa amechelewa. Dawa zenye metalaksili huingia ndani ya mmea, lakini zina kazi na bakajani chelewa, si bakajani tangulia. Magonjwa haya mawili yachunguze asubuhi umande haujakauka. Tangulia lina duara ndani ya duara kama shabaha na huanzia majani ya chini. Chelewa ni baka lililolowa, limeoza, na ukigeuza jani unakuta utando mweupe kwenye ukingo.

Halafu kuna mmea ulionyauka mchana ukiwa na majani ya kijani. Huu haupulizwi. Kata kipande cha shina karibu na udongo, kitumbukize kwenye glasi ya maji safi, ukishikilie bila kutikisa dakika chache. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka, ni mnyauko bakteria. Ng'oa mmea na mizizi yake, uutoe shambani, na msimu ujao usirudishe nyanya, viazi mviringo, bilinganya wala pilipili hapo. Virusi vivyo hivyo: hakuna chupa inayotibu. Ukiona majani ya juu yamekunjamana na kuwa njano, anayedhibitiwa ni inzi mweupe anayeeneza, naye hukaa chini ya jani. Nozeli ielekee juu kutokea chini.

"Changanya zote, upulizie mara moja"

Zipo zinazochanganyika, zipo zinazogombana, na lebo ndiyo ya kwanza kuulizwa. Ikiwa kimya, jaribu kwanza kwenye chupa safi ya lita 1 kwa uwiano ule ule. Tikisa, acha nusu saa. Ukikuta mabonge, mafuta yaliyoelea yasiyorudi ukitikisa, au chupa imepata joto, usimimine kwenye bomba. Mpangilio: bomba nusu maji, kisha unga (WP, WG) uliokwisha kukorogwa pembeni kama uji mwepesi, kisha SC (dawa nzito ya majimaji), kisha EC (dawa ya mafuta), busta mwisho. Ukianza na EC, unga utagandana na kuziba chujio.

"Dawa ya magugu ukiongeza dozi, maji yoyote yanatosha"

Kwa glaifosati, maji ndiyo kila kitu, maana hung'ang'ania chembe za udongo na kuacha kufanya kazi. Dondosha sarafu ing'aayo kwenye ndoo iliyojaa. Usipoiona chini, maji hayo hayafai. Hata magugu ya kando ya barabara yenye vumbi hufa nusunusu. Huingia kupitia jani bichi, kwa hiyo ukifyeka leo usipulizie kesho, subiri yachipue. Mvua ikinyesha ndani ya saa chache baada ya kupulizia, umeliwa. Na usirudie siku ya nne kwa kuona bado ni kijani: wiki moja hadi mbili ni kawaida. Mbegu zilizo ardhini haizigusi.

"Kunywa maziwa ukimaliza"

Maziwa hayaoshi sumu. Sumu nyingi humwingia mpuliziaji kupitia ngozi: mikono wakati wa kupima, na mgongo pale bomba linapovuja. Glovu za mpira, buti zilizofunikwa na suruali, bomba lisilovuja, kisha kuoga kwa sabuni na kufua nguo hizo peke yake. Kitambaa puani hakizuii mvuke. Aliyezidiwa apelekwe hospitali na lebo mkononi. Rangi ya kijani kwenye lebo nayo inasema tu kwamba sumu yake ya papo kwa papo ni ndogo. Siku za kusubiri kabla ya kuvuna zinabaki pale pale.

"Bomba ukilisuuza mara moja linatosha"

Kwa 2,4-D halitoshi. Hiyo huua magugu ya majani mapana kwenye mahindi, na nyanya ni jani pana. Mabaki kidogo kwenye mpira wa bomba, au upepo kutoka shamba la jirani, yanatosha kuiharibu. Tenga bomba la magugu, litie alama nyekundu, lisiguse nyanya kamwe. Nyanya iliyopata mabaki hayo hutoa majani membamba yaliyojisokota, na asiyeijua dalili hiyo hukimbilia dukani kuomba dawa ya virusi.