Nukta iko kwenye mstari? Uliza mlinganyo kabla ya rula

Katika madarasa ya hisabati ya taasisi yetu, mwanafunzi akiulizwa kama nukta fulani iko kwenye mstari, mara nyingi hukimbilia rula na karatasi ya grafu. Mchoro una faida zake, ila kwa swali hili unaweza kumpotosha. Chukua mstari 2x + 3y = 12 na nukta (2.9, 2.1). Ukiichora kwa penseli ya kawaida, utaapa kwamba mstari umepita papo hapo. Sasa weka namba: 2 × 2.9 ni 5.8, na 3 × 2.1 ni 6.3. Jumla ni 12.1. Nukta haimo.

Kazi yote ndiyo hiyo. Mstari ni mkusanyiko wa nukta zote zinazotimiza mlinganyo wake, basi namba ya kwanza ikae mahali pa x, ya pili mahali pa y, ukokotoe. Pande mbili zikilingana, nukta imo. Zikipishana hata kidogo, haimo.

Wengi huteleza kwenye mpangilio. Nukta (3, 2) inatoa 6 + 6 = 12, imo. Ukiipindua ikawa (2, 3), unapata 4 + 9 = 13, haimo. Wengine huponzwa na alama ya hasi: (−3, 6) inatoa −6 + 18 = 12, imo, lakini aliyeisahau hasi hupata 24 na kuikataa nukta halali. Andika mabano, 2(−3), kila mara.

Ile 13 usiitupe. Kwa kuwa imezidi 12, inakuonyesha kwamba (2, 3) iko upande wa juu wa mstari huu. Nukta (1, 1), inayotoa 5, iko upande wa chini.

Kipimo hiki kina kazi hata nje ya darasa. Nyuzi za Selsiasi na Farenhaiti zinaunganishwa na mstari F = 1.8C + 32. Jedwali likisema mtoto mwenye nyuzi 39 za Selsiasi ana 103.2 za Farenhaiti, kagua: 70.2 + 32 ni 102.2. Jedwali limekosea nyuzi nzima, na kwa mtoto mwenye homa hilo si jambo dogo. Kagua pia (−40, −40): −72 + 32 ni −40. Nukta imo, na ni hapo tu ambapo vipimo viwili husoma namba moja.